Mraba Mweusi wa Marlene

Lavonne, acha unachofanya usome hii.

Unamkumbuka Marlene, jirani yangu Mzungu, yule aliyetuitia polisi siku tunachoma mbavu? Leo kaposti mraba mweusi Instagram, ule wa kupinga polisi kuua watu Weusi. "Niko pamoja na ndugu zangu Weusi." Na mimi akanitagi. Mimi, Lavonne.

Haikutosha, kaja mlangoni na keki ya ndimu, kavaa barakoa ya korona. "Renita mpenzi, umeona nilichoposti? Mbona hujakomenti?"

Mpenzi. Salamu yangu haijibu mwaka wa tatu huu, leo mpenzi. Nikajisemea, huyu ana lake. Keki sijaionja mpaka sasa.

Kageuza mgongo tu, simu ikalia. Kundi la mtaa. "Jamani, kuna mwanamume Mweusi kafunika uso, yuko nyuma ya nyumba ya Renita. Niite polisi?"

Ni Terrell. Mdogo wangu, kaja kunikatia majani kama kila wiki. Na hicho alichofunikia uso ni barakoa.

Nimetoka mbio nikamvuta ndani. Ndipo nikatazama nani kaandika.

Jina sikuhitaji kulisoma. Pale penye picha ya uso wake palikuwa na mraba mweusi.