Mama Amekataa Kupumzishwa

Kitui, Agosti 1936

Ndugu yangu Faki,

Salamu zikufikie huko Mombasa. Sisi wazima, na yule mbuzi mweupe amezaa mapacha.

Uvimbe wa titi la Mama umekua. Daktari aliniambia mimi, si yeye aliyekaa mbele yake, kwamba kumpasua mzee ni kumtesa bure, heri apumzike. Hata wewe uliandika hivyo. Mama akamkatiza daktari: “Leo nimetoka kijijini Kabati kwa miguu tangu alfajiri, na mzigo wa mbaazi mgongoni. Miaka yangu umeihesabu. Nguvu zangu je, umezipima?”

Hapo ndipo daktari alipomwuliza jina lake. Atampasua Jumatatu.

Mama anasema usije kumlilia. Njoo mvua ikikaribia, tulime. Jembe lako amekuwekea.

Dadako,
Sauda