Kalenga Hakukataa

Ijumaa, 7 Februari

Leo tena gereji ya magari makubwa. Meza yangu ya plastiki chini ya bati, karibu na akina mama wanaopika bukari, ugali wetu. Madereva wanakula, mimi naongea. Maneno yaleyale: bima hii ni ya hiari, mwajiri atakata kidogo kwenye mshahara, ajali ikitokea familia inalipwa, na inaanza kazi siku ileile unaposaini. Wachache wamesaini. Wengi wanasema kutaja kifo ni kukiita. Siwalaumu.

Nilikuwa nimeshafunga mfuko alipokuja dereva mmoja, Kalenga. Mrefu, mikono imejaa mafuta. Anataka kuandikwa, kwa ajili ya mke wake na mtoto. Teksi ilikuwa inanisubiri. Dada yangu Nadine anafika kutoka Kinshasa na sikutaka asimame peke yake uwanja wa ndege, Luano. Kumwandika mtu kunachukua muda. Nikamwambia arudi Jumatatu.

"Kesho niko natoka kwenda Kasumbalesa," alisema. "Lakini Jumatatu nitakuwa hapa, mama."

Nikasema vizuri, utakuwa wa kwanza. Alifuta mkono kwenye suruali kabla ya kunipa.

Ndege imechelewa. Nimekaa Luano jioni nzima nikila karanga.

Jumapili, 9 Februari

Misa pamoja na Nadine. Mvua. Amelalamikia umeme, matope, baridi yetu. Tumecheka sana. Nimepiga pasi nguo za wiki.

Jumatatu, 10 Februari

Kalenga amekufa. Gari lake liliacha barabara jana asubuhi akirudi kutoka Kasumbalesa. Breki, wanasema. Au mvua. Hakuna anayejua.

Nimefika gereji na mfuko wangu, nimekuta wanaume wamesimama tu. Injini zote zimezimwa. Papa Ilunga, dereva mzee kuliko wote pale, ndiye aliyenieleza. Kisha akaniuliza kama kijana alikuwa kwenye bima.

Nikasema hapana, hakusaini.

Ni kweli. Hakusaini. Nimerudi nyumbani na maneno hayo mdomoni kama kitu kilichooza.

Alhamisi, 13 Februari

Kilio cha Kalenga, mtaa wa Bel-Air. Mkuu wangu wa kazi, Bwana Sylvain, alinituma na sukari na mchele kwa jina la kampuni. Amesema inaonyesha moyo.

Mjane anaitwa Béatrice, wanamwita Béa. Mdogo kuliko nilivyofikiri. Amekaa kwenye mkeka na wanawake wa familia, binti yake Ruth amelala kwenye mapaja yake. Mama wa Kalenga amefika kutoka Mitwaba juu ya gari la mahindi. Mfupi, mkavu, wa maneno machache. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili na kunishukuru kwa sukari.

Nilitaka kukimbia. Nimekula chakula chao.

Jumanne, 18 Februari

Bwana Sylvain ana wazo. Mjane azunguke nami sehemu za kazi, aseme jinsi alivyobaki bila kitu. Watu hawasikilizi karatasi, anasema, wanasikiliza mtu. Kampuni itampa mfuko wa unga na nauli kila mara.

Nilisema ni mapema mno. Akasema njaa nayo haingoji.

Nimeenda kumwomba. Nilitumaini atakataa. Amekubali, na si kwa sababu ya unga. Anasema kama kuna mwanamke mmoja asiyepata yaliyompata yeye, basi ni vizuri. Halafu akaniuliza kama nilimwona mume wake pale gereji, kama niliongea naye. Nikasema ndiyo. Akataka kujua alisema nini.

Ruth alikuwa anacheza na kamba ya kiatu changu. Mama mkwe alikuwa anachambua maharage mlangoni.

Nikasema: alisema atafikiri.

Sijui maneno hayo yametoka wapi. Yalitoka rahisi sana.

Ijumaa, 21 Februari

Kwenye kiwanda cha unga. Béa ameongea kwa sauti ya chini, kitenge cheusi, mikono imefungwa mbele. Hakulia. Amesema tu nyumba ilivyo sasa: kodi, chakula, Ruth anayemwita baba yake kila akisikia lori. Wanaume wameacha kula. Sijawahi kuandika watu wengi hivyo kwa siku moja.

Bwana Sylvain alikuwepo. Amefurahi, lakini ndani ya gari, kabla Béa hajaja, akaniambia hadithi ina tundu. Watu wanajiuliza kwa nini huyo mume hakuwa na bima. Mjane aseme mume alikataa, basi kila mwanaume pale atajiona yeye.

Nikasema hakukataa.

Akaniuliza nimejuaje.

Ningeweza kusema. Tulikuwa wawili tu ndani ya gari. Nikafikiria mkataba wangu unaokwisha mwezi wa sita, na wale wasichana wanaokuja kila wiki bilo, ofisini kwetu, kuomba nafasi yangu. Nikasema, nadhani tu.

Béa alipofika, tukashuka, akaongea naye yeye mwenyewe. Béa alimweleza kwamba mume wake alisema atafikiri; akamjibu kwamba mtu anayesema atafikiri, amekataa. Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Béa alinitazama, akingoja niseme kitu. Nikapanga fomu kwenye mfuko.

Mimi ni mwoga. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna anayesoma.

Jumatano, 26 Februari

Kwenye depo ya saruji. Béa amesema. "Bwana yangu walimweleza, akakatala." Na safari hii amelia, lakini si kwa huzuni. Ni hasira. Anamkasirikia marehemu mbele ya wanaume asiowajua, na wanaume wanatikisa kichwa. Mmoja karibu na meza yangu akanung'unika kwamba huyo alikuwa mjinga. Kisha akasaini.

Nilimwandika. Sikukosea hata herufi moja. Hilo ndilo linaloniogopesha.

Jumamosi, 1 Machi

Nimempelekea Béa unga wake. Picha ya Kalenga imeondolewa ukutani. Msumari umebaki.

Mama mkwe anafunga mizigo. Anarudi Mitwaba kabla ya wakati. Alikuwa akae mpaka mwisho wa matanga. Béa hakumzuia. Hawaongeleshani. Mama huyo amenisindikiza mpaka barabarani, polepole, na pale ndipo aliponiambia, kwa utulivu kabisa, kama mtu anayesahihisha njia ya mgeni. Mtoto wake alikuwa mtu wa kuogopa kesho, tangu utoto. Alikuwa anaficha mahindi ya mbegu hata ndugu zake wasiyale. Mama haamini kwamba alikataa.

"Lakini wewe ndiye ulikuwa pale," alisema. "Kama ulisikia, basi ulisikia."

Alikuwa ananiuliza. Nilielewa kabisa kwamba ananiuliza. Nikamtakia safari njema.

Jumapili, 2 Machi

Sikwenda misa. Nimemwambia Nadine ni kichwa.

Jumanne, 4 Machi

Nimesema.

Sikupanga. Nilienda asubuhi kumwambia Béa kuhusu Alhamisi: Bwana Sylvain anataka aongee gereji, pale alipokuwa anafanya kazi mume wake. Anasema pale itakuwa na nguvu zaidi. Nilifika uani. Béa alikuwa anafua, na Ruth alikuwa anadai kwenda kwa baba, analia, anavuta kitenge cha mama yake. Béa hakugeuka.

"Baba yako hakutupendaka," alimwambia. "Angetupenda, angesaini."

Mtoto alinyamaza. Mara moja, kama mtu aliyezibwa mdomo.

Nikakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Nikamwambia yote. Kwamba alikuja mwenyewe. Kwamba alitaka kuandikwa siku ile. Kwamba nilikuwa na haraka ya kwenda Luano, nikamwambia arudi Jumatatu. Kwamba angesaini siku ile, leo yeye na Ruth wangekuwa wanalipwa. Kwamba "atafikiri" niliitunga mimi.

Nilingoja anipige. Ningependa anipige. Alikausha mikono kwenye kitenge, kidole kimoja kimoja.

"Alisema namna gani?" aliniuliza. "Sema vile alisema yeye."

Nikarudia. Kesho niko natoka kwenda Kasumbalesa. Lakini Jumatatu nitakuwa hapa, mama. Akaniambia niseme tena. Nikasema tena. Akauliza alisimama wapi, alikuwa amevaa nini, kama alionekana mwenye wasiwasi au mwenye furaha. Nikamwambia kuhusu mkono aliofuta kwenye suruali. Hapo akafunga macho.

Alimwita Ruth, akamweka mapajani, akamwambia sikioni kitu ambacho sikusikia. Nikamwambia Bwana Sylvain anamtaka gereji Alhamisi, asije. Akaniambia nitoke.

Nimetoka. Sijisikii mwepesi. Watu husema ukisema ukweli unakuwa mwepesi. Sijui ni watu gani.

Alhamisi, 6 Machi

Nilimwambia Bwana Sylvain kwamba mjane hatakuja. Sikusema sababu. Amekasirika, akaja gereji mwenyewe kusaidia kuongea. Nilikuwa nimeshaanza Béa alipoingia na kitenge chake cheusi, Ruth mgongoni. Madereva walisimama wote. Wanamjua. Papa Ilunga alimtolea kiti, akakataa kukaa.

Sitasahau alivyosimama. Karibu na meza yangu kiasi kwamba nilisikia pumzi yake.

"Kule kwengine nilisema bwana yangu alikatala," alisema. "Ile ni uongo. Bwana yangu alitaka. Alikuja hapa, kwa hii meza. Huyu mama akamwambia arudie Jumatatu. Jumatatu alikuwa mu nyumba ya maiti."

Hakuna aliyesogea. Bwana Sylvain alianza kusema kitu, Papa Ilunga akamtazama, akaacha.

"Sikukuja kwa unga," Béa aliendelea. "Nimekuja kwa sababu ninyi mulikuwa bandugu zake. Mujue hakutuacha. Na mwenye kutaka kusaini, asaini leo. Asikubali kurudishwa."

Akatoka. Hakunitazama hata mara moja.

Nilijua watanifukuza pale. Nilikuwa tayari, hata nilianza kukusanya kalamu. Papa Ilunga akaja, akavuta kile kiti alichokataa Béa, akakaa mbele yangu.

"Andika," alisema. "Tutakaa hapa mpaka umalize."

Wamejipanga nyuma yake. Hata wale waliokuwa wakicheka kila wiki. Walinipa majina yao mmoja baada ya mwingine, hakuna aliyeniamkia, hakuna aliyenishukuru. Nimeandika jina la mke, majina ya watoto, nimesoma tena kwa sauti, nimeuliza kama nimekosea. Aliyekuwa na swali nimemjibu mpaka akachoka. Mama wa bukari walishaosha masufuria na kwenda. Nilimaliza na mgongo unauma, na fomu nyingi kuliko nilizowahi kubeba.

Ndani ya gari nilimwambia Bwana Sylvain kwamba yote ni kweli. Nilimwomba kampuni imlipe Béa kitu, kwa kuwa mume wake alikuja kwa hiari yake. Amesema bila saini hakuna cha kuzungumza. Kisha akasema ukweli nao unauza, na tumwombe mjane aendelee hivyohivyo sehemu nyingine.

Nimemwambia hapana. Nimemwambia akimtafuta tena, nitaenda mimi mwenyewe kila mahali kusema nani alimtuma aseme uongo. Sijui kama nina kazi kesho.

Ijumaa, 7 Machi

Nina kazi. Bwana Sylvain amenipongeza kwa fomu za jana, mbele ya wenzangu bilo. Wamepiga makofi. Nilienda chooni nikakaa mpaka waliponisahau.

Jumapili, 9 Machi

Jirani yake Béa aliniambia anasafiri leo, Mitwaba, kwa mama mkwe. Nimeenda pale yanapopakia magari ya kaskazini. Nilichukua mikate. Sikujua nitasema nini.

Alikuwa ameshapanda, juu ya magunia, Ruth katikati ya miguu yake. Nikanyoosha mikate. Nilifikiri atauacha mkono wangu hewani. Aliipokea, akampa mtoto mmoja, mingine akaifunga kwenye kitambaa.

"Sitakutaja kwa mama," alisema. "Nitamwambia tu mutoto yake alitaka."

Nikaanza kushukuru. Akanikatiza.

"Si kwa ajili yako. Yeye ni muzee."

Nikasema ndiyo. Dereva alikuwa anafunga turubai, anga limeanza kuwa jeusi upande wa kule wanakokwenda. Nilimuuliza kama ana kitu cha kumfunika Ruth. Akanionyesha koti la mwanaume, la bluu, kola imechakaa. Akalitandaza juu ya mabega ya mtoto, akaingiza pindo chini ya magoti yake ili upepo usilivute.

Gari liliondoka polepole, likikwepa madimbwi. Ruth alinipungia mkono wenye mkate. Nikampungia. Béa alikuwa anatazama mbele.