Nilivyoutafuta Murinzi wa Tereza

Kasulo, kwa mpwa wangu Filberti

Mke wangu Mama Adela,

Mimi mumeo nina miaka sabini na kitu. Nzige walikuja wakaniacha, Mwingereza alikuja akaniacha, mbung'o walimaliza ng'ombe wetu wote wakaniacha, na kaka zangu watatu nimewazika kwa mikono hii. Bado natafuna mahindi ya kuchoma kwa meno yangu. Kwa hiyo nikikuambia nimepotea mahali nilipochunga tangu utoto, usicheke.

Mgongo wako unaendeleaje? Adela anakuchotea maji? Mimi mzima. Nalinda migomba ya Filberti, wezi wakinisikia nakohoa wanakimbia. Barua hii naandika mwenyewe, kisomo cha ngumbaru hakikwenda bure.

Ulinituma jambo moja: niangalie kama ule mti wa murinzi, wa maua mekundu, tuliopanda kwenye kaburi la Tereza, mtoto wetu wa kwanza, bado upo, maana tangu tuhamie Biharamulo hatujamwona. Filberti akasema, "Mjomba, pale sasa ni kambi ya wakimbizi, nikupeleke." Nikamwambia wewe umezaliwa jana. Nikaenda peke yangu.

Mama Adela, sikuelewa kitu. Pori lile limekuwa mji. Turubai za bluu mpaka macho yanachoka. Miti yote imekuwa kuni. Pale tulipokuwa tunanywesha ng'ombe kuna mpiga picha, ametundika shuka lenye ndege ya kuchora, watu wanasimama mbele yake wanacheka kama wanasafiri. Mafundi cherehani wamekaa mstari mzima. Nikasikia risasi zinalia ndani ya kibanda, nikasema vita imewafuata, kumbe ni video, na watu wamelipa waione. Watu waliokimbia vita! Nieleze wewe.

Nikapinda kulia, nikatokea kwa kinyozi. Nikapita bucha, nikapita wauza sambusa, nikatokea kwa kinyozi yule yule. Nilipotokea tena akapaza sauti, "Muzee, kichwa chako hakina nywele, unarudia nini kwangu?" Watu wakaangua kicheko. Nikamjibu sijapotea, naukagua mji wenu. "Basi kagua na chakula," akasema, akanionyesha mgahawa wa mama mmoja.

Nikaingia na hasira na njaa. Ndizi na maharage, matamu kuliko yako, nasema ukweli. Niliposhiba nikaegemea nguzo, ikanichoma mgongoni, nikaruka. Nguzo gani ina miiba? Kuangalia juu, turubai limekatwa tundu, mti umepita, na kule juu maua mekundu. Kumbe namtafuta mtoto huku nimempa mgongo.

Yule mama akaja. "Baba, usiegemee huo. Walitaka kuukata nikawazuia kwa kisu cha jikoni. Hata kwetu murinzi haukatwi ovyo. Una mtu aliyezikwa hapa?"

"Nina binti."

Akakaa chini. Akasema mwanawe wa kiume alifia njiani siku za kukimbia, akamwacha kando ya njia, hata jiwe hakuweka. Kila asubuhi kabla ya kuwasha moto anaumwagia mti huu maji, analitaja jina la huyo mtoto. "Sikujua kama una mwenyewe. Unanikataza?"

Mti mmoja, mama wawili. Sijui Tereza anasumbuliwa au amepata mwenzake. Nikasema mimi ni mkubwa wa nyumba, lakini tumbo lilikuwa lako, nitakuuliza. Tangu hapo hamwagi maji, anangoja neno lako. Nikipita ananiangalia tu, na mimi naangalia viatu vyangu. Amua wewe. Anayekuletea barua mpe jibu arudi nalo.

Nisalimie Adela binti yetu, na mdogo wangu wa ng'ambo ya kijito, mwambie jembe langu alirudishe mahali pake.

Ukidhani nasema uongo, shahidi ni Filberti, nilimpeleka kesho yake nikajifanya naijua njia. Kinyozi naye, ingawa atasema vibaya. Na huu mwiba niliochomolewa mgongoni, nimeukunja humu ndani ya karatasi. Ushike taratibu, ni wa kwetu.

Mumeo,
Bernado