Nimeenda na Foku

Mwongeli,

Chai iko kwa thermos. Mbuzi mweusi mfunge kamba fupi, jana alikula leso ya jirani.

Foku ya baiskeli yako, ile uma ya mbele yenye springi, usiitafute, nimeitoa mimi. Asubuhi nilikuwa nasafisha matope nikaona ufa mwembamba kama unywele chini ya shingo ya fremu, pale palipochomelewa. Foku ya zamani ilikuwa inabonyea vidole vinne. Hii ndefu niliyokufungia inabonyea saba, na fremu ilitengenezwa kwa ile fupi. Kila ukigonga shimo inaipinda shingo, kama mtu anayebandua kifuniko cha kopo na kijiko.

Uliniuliza kama itashika. Nikakwambia, “Nimetengeneza baiskeli toka Moyale mpaka Taveta, wewe utaniambia nini?” Ukacheka, ukaniamini. Mimi niliangalia tu kama inaingia. Fremu sikuiangalia.

Hata sijui nasikia nini moyoni. Nilikaa hapo chini na spana mpaka miguu ikafa ganzi.

Najua mashindano ya Kajiado ni Jumamosi. ~~Rudisha ile fupi uende pole pole.~~ Hapana. Ufa haurudi nyuma, hata na ile fupi. Na kwa vile kichwa chako ni kigumu kama changu, nimezibeba zote mbili kwa gunia, niko njiani kwenda Bisil, usizipate kabla ya Jumamosi.

Mwambie mama yako asiniwekee chakula. Nitarudi Jumapili, nikukute na hasira na meno yote.

Baba