Babu Modemu

Bârlad, 2 Julai 2006

Dada yangu Smaranda,

Salamu nyingi zikufikie huko Italia, nyingine mpe bibi unayemtunza, ikiwa siku hizi ana adabu kidogo. Mgongo wako umepoa? Sisi hatujambo. Mama analalamikia magoti, lakini akiwa na habari ya kutangaza hupanda ghorofa zote nne bila kupumzika.

Na habari anayo. Nimemaliza chuo, nina cheti cha mitandao ya kompyuta, tena nimepata ile nafasi moja ya fundi hospitalini. Sasa nikuambie chuo chenyewe. Kwa miaka miwili Injinia Dumbravă ametufundisha mitandao kwa chaki. Alichora kompyuta ubaoni, akachora waya, akachora kompyuta ya pili, kisha akauliza kama tumeelewa. Kompyuta za kweli zilikuwa zimefungiwa, na ufunguo alikuwa nao mtunza stoo, ambaye ugonjwa wake haukupona hadi wiki ya mtihani. Darasani tulikuwa kumi na mmoja. Tisa walikuja kwa sababu nyumbani walichokwa.

Wa kumi alikuwa mzee Gherasim. Ana miaka hamsini na miwili, kiwanda kilimpunguza kazini, na mkewe hawezi kutoka kitandani. Aliandika kila neno kwenye daftari la watoto lenye picha ya paka. Ikifika saa nne alikuwa akifungua gazeti alilofungia mafuta ya nguruwe na kitunguu, darasa zima likanuka. Nilimbandika jina la Babu Modemu, kama kile kifaa cha intaneti cha kizamani. Yeye mwenyewe alicheka pamoja na wengine, na kwa hilo nilimdharau zaidi.

Kwenye mtihani wa vitendo nikapangwa naye. Tulitakiwa tuvute waya kutoka maabara mpaka ukumbi wa watahini, kompyuta mbili zizungumze. Tuliutandaza siku moja kabla. Ncha zote alizifunga yeye, kwa miwani na subira, nami nikimsimamia kama nyapara. Akapima, ukafanya kazi. Akaniomba niupime tena asubuhi, kwa kuwa yeye lazima kwanza amwogeshe mkewe.

Nikamwambia, "Mzee, huu ni waya, si mgonjwa wa presha."

Sikuupima. Asubuhi wanafunzi wa kike walikuwa wakiandaa meza ya watahini, maana unajua kwetu hakuna mtahini anayetahini kwa njaa: sarmale za nyama na kabichi, keki, na mvinyo mkali wa plamu kwenye chupa za maji. Saa tatu tukaitwa. Nikabonyeza, kimya. Nikabonyeza tena, kimya. Mwenyekiti alimeza tonge, akauliza nani kazifunga ncha za waya.

Nikasema, "Ni yeye."

Gherasim akapiga magoti, akazikagua ncha moja moja. Wakamfelisha, arudi mwakani. Mimi wakaniuliza maswali ya mdomo, nikayajibu kwa maneno makubwa, wakanipa tisa kwa kumi. Wapumbavu wale hawakuinuka hata kwenye viti.

Dada, sasa sikia ambalo Mama halijui. Meza ile ya watahini, ya mwaloni, niliiburuta mimi asubuhi ile, wasichana waliponiomba niisogeze dirishani. Ilikwama kwenye kitu, nikaisukuma kwa goti mpaka ikakaa. Gherasim alipokuwa chini akihangaika na ncha, mimi niliuona waya, umepondwa chini ya mguu wa meza. Ningesema neno moja tu. Sikusema, kwa sababu nafasi ya hospitali ilikuwa moja, na aliyekuwa akiijua kazi ni yeye.

Jana alinisubiri mlangoni kwetu. Alinipa mkono, akanipongeza, na sauti yake haikuwa na kinyongo hata kidogo.

"Mguu wa meza niliuona, mwanangu," akasema. "Nilikuwa nasubiri useme wewe."

Nikamjibu kwamba sijui anazungumzia meza gani. Akaitikia kwa kichwa, akashuka ngazi taratibu. Dharau yote niliyowamwagia watu humu ndani ya barua ningeweza kuikusanya sasa na kujivika mwenyewe, na bado isingenitosha. Jumatatu naanza kazi. Nitakwenda, dada. Aibu yenyewe ndiyo hiyo, kwamba najijua, na nitakwenda.

Jitunze, uvae vizuri wakati wa baridi, na usichelewe kuandika.

Mdogo wako,
Eusebiu