Mbele ni Wapi?

Gisenyi, Jumanne jioni, 1999

Wiki nzima nahangaika na hesabu ya kurasa za orodha kwenye kompyuta, naiandika mwenyewe bila kuazima programu ya mtu: watoto waliopotezana na wazazi, majina ishirini kila ukurasa, chini vitufe viwili, «Mbele» na «Nyuma». Jana ikakubali. Leo!

Esperansi wa ofisini, mtu wa Goma, kafungua ukurasa wa kwanza akabonyeza «Nyuma». Ukaja mweupe. Akamwambia mama aliyetoka Bugeshi kumtafuta mwanawe, “Majina imeisha.”

“Kwa nini Nyuma?” nikafoka.

“Bon, mi natafuta yenye inafuata. Si njo nyuma? Mbele ni yenye tumeshapita!”

Kwao ndivyo: «nyuma» ni baadaye, «mbele» ni kabla. Mimi wa Tanzania sikuwaza.

Nimebadilisha: penye «Mbele» sasa ni «Majina mengine». Dakika moja tu.

Mama ameshaondoka, anaamini mwanawe hayumo.