Mwisho Sabini na Nne

Jumatatu, 2 Septemba

Nimepata kazi. Nauza kitu ambacho kila mtu anacho na hakuna anayetaka kukitoa.

Viatu vya mitumba nilivyokuwa nauza nimemwachia jirani wa kibandani. Sasa hivi mimi ni mhamasishaji. Fulana ninayo, ya kijani, kubwa kama pazia. Kazi yenyewe: nyumba kwa nyumba, natafuta watu wazima kuanzia miaka hamsini, mwisho sabini na nne. Nawapa kikopo. Wanakwenda nacho chooni, wanarudisha kidogo tu, mashine inatafuta damu ambayo jicho haliioni. Ikiwepo, unaitwa hospitali, kamera inapitishwa kwa nyuma, wanatazama kama kuna saratani ya utumbo. Ikikutwa mapema inakatwa, unarudi nyumbani kulalamikia mambo mengine.

Bosi ni Profesa, mwenye utafiti huu. Mama mfupi, miwani inaning'inia shingoni, karibu anastaafu. Maisha yake yote ya kazi anasoma jambo moja – kwa nini mtu mzima anajua kabisa kupimwa ni vizuri, na bado haendi. Nikamwambia, mbona rahisi, wanaogopa. Akaniuliza, "Wanaogopa nini?" Nikabeba boksi langu la vikopo, nikatoka.

Alhamisi, 5 Septemba

Wenzangu wanahubiri, wanafungiwa milango. Mimi nachekesha.

Leo mzee fundi saa kanitolea macho, eti nimwondolee uchafu wangu mlangoni. Nikamwambia: mzee wangu, lini tena profesa atamtuma mtu mpaka mlangoni kukuomba kitu unachotupa kila asubuhi? Akacheka mpaka akakohoa. Akachukua viwili, kimoja cha mke wake.

Profesa kasikia. Kaniita ofisini, kawasha kinasa sauti, nirudie. Nikarudia. Kasema ninachofanya kina jina kwenye vitabu, refu kama treni, nimeshalisahau. Kasema mtu haachi woga kwa kuelezwa, anaacha akiona mwenzake anacheka na hajafa. Nimefurahi, nisijidanganye. Shule niliishia njiani, na leo profesa ananinukuu.

Nyumbani nimewasimulia Mama na Mama Mdogo. Mama Mdogo kacheka mpaka kalia. Mama kasema niende nikanawe mikono.

Jumamosi, 14 Septemba

Siku mbaya.

Mama ndiye aliyekuwa mgumu kuliko mtaa mzima. Wiki nzima namtania – wenzio wote wameshatoa, umebaki wewe unayabania kama akiba. Sikufikiria umri. Kweli kabisa, mama yako hana umri, ni mama yako tu.

Leo tumeweka meza uwanja wa shule. Nikamwona anakuja, kavaa gauni la kwendea misibani, kafua na kilemba. Nyuma yake Mama Mdogo. Kwenye foleni wenzake wakampigia vigelegele. Nesi kapokea kitambulisho, kaangalia, kaangalia tena. "Bibi, pole. Wewe umeshapita."

"Nimepita wapi?"

"Umri, bibi. Una sabini na saba. Mwisho sabini na nne."

Mama Mdogo, sitini na tisa, kapewa chake. Mama kakunja kitambulisho kwenye leso taratibu kabisa, kama hakuna anayemtazama. Mlangoni ndipo aliposema: "Kwa hiyo mimi nikioza ni sawa."

Nikarudi kwa Profesa na moto wangu. Kanikalisha. Kasema kwa wazee sana kuwasaka wasio na dalili kunaumiza kuliko kunavyosaidia. Kamera inaweza kutoboa utumbo. Saratani yenyewe inatambaa polepole, wengi huondoka kwa ugonjwa mwingine kabla haijawafikia. Ni hesabu ya watu wengi, kasema. Nikamwambia mimi sina watu wengi, nina mama mmoja.

Hakukasirika. "Huo mstari wa umri niliuchora mimi na wenzangu. Nikiambiwa niuchore tena kesho nitauchora hapo hapo. Lakini kama ana dalili yoyote – damu, kupungua mwili, tumbo – huyo ni mgonjwa. Mlete, mlango ni mwingine."

Nikamuuliza Mama kama ana dalili. Kasema dalili aliyonayo ni mimi.

Jumanne, 24 Septemba

Majibu ya Mama Mdogo yametoka. Kuna damu.

Nimeambiwa mimi kwanza kwa sababu ni ndugu. Wote niliowapelekea vikopo nikiwachekesha, na kilichorudi kibaya kimerudi kwetu.

Profesa kapiga simu mwenyewe, nafasi ya kamera imepatikana kesho kutwa. Kanishika bega: "Bila wewe asingejua." Sikupenda sauti yake. Ilikuwa na furaha ndani.

Nyumbani nimesema kwa upole nilivyoweza. Mama Mdogo kamtazama dada yake. Mama katazama dirisha. Nikadhani ni mshtuko.

Alhamisi, 26 Septemba

Mama Mdogo kanywa ile dawa ya kusafisha tumbo tangu jana, jagi zima. Chooni kahamia na mto. Anasema kama mbinguni kunaingiwa kwa mateso, yeye ameshashika nafasi ya mbele.

Kamera imepita. Safi. Daktari kasema utumbo wake ni wa msichana. Damu? Kasema kipimo huwa kinapiga kelele bure mara nyingine.

Mimi nikaruka. Mama Mdogo hakuruka. Njia nzima kainamia mkoba wake.

Ijumaa, 27 Septemba

Ukweli umetoka leo, jikoni. Mama Mdogo kaniita, kafunga mlango.

Kilichokuwa ndani ya kikopo hakikuwa chake.

Siku ile ya foleni, walipofika nyumbani, Mama kamwomba. Mdogo wangu, nipe hicho, wewe huna shida nacho. Akampa. Dada yake hajawahi kumwomba kitu, angemnyimaje. Wakarudisha kwa jina la Mama Mdogo.

Nikamuuliza: na kamera ukaenda kupitishiwa ya nini?

"Mwanangu, jina lililoitwa si langu? Tungesema ukweli wangekuvua hiyo fulana. Nikasema niende, wakikuta safi yataisha."

Kalala kwenye kile kitanda, kaingizwa mpira na watu asiowajua, kwa damu isiyo yake. Kwa ajili ya kazi yangu ya kubeba mavi ya watu! Sijui kama nicheke. Nimejaribu. Kicheko hakikutoka.

Nikaenda kwa Mama uani. Nikamuuliza kavukavu: unaona damu? Kaendelea kukung'uta nguo za kuanika. Kasema anaiona.

Tangu lini?

"Kabla hujapata hiyo kazi."

Kwa nini hukuniambia, Mama?

"Kila jioni unaingia na vichekesho vya chooni, unawaigiza wazee wa watu wanavyochuchumaa. Ningeanzia wapi?"

Jumatatu, 30 Septemba

Nimemweleza Profesa yote. Kavua miwani, hakuivaa tena mpaka nilipotoka.

Kwanza kauliza ya Mama: damu ya rangi gani, anakula, kapungua? Nilijibu nilichojua, yaani kidogo sana. Kapiga simu hospitali hapo hapo. Mama apelekwe Alhamisi, kama mgonjwa, si kama utafiti. Ndipo kasema ya kazi. Nyumba yetu itaondolewa kwenye utafiti, na mimi siwezi kuendelea, sheria inambana. Nikavua fulana, nikamwekea mezani. Ndani nilikuwa na singlendi yenye tundu. Basi.

Mlangoni nikamuuliza: hawa wazee miaka yote hii, umejua wanaogopa nini? Kasema wengine wanaogopa kupewa jibu. Wengine wanaogopa kuwasumbua watoto.

Nimemchukia kidogo. Kisha nikakumbuka yeye ndiye aliyetaja damu, kupungua na tumbo siku ile ile, na mimi nilimuuliza Mama hayo nimesimama mlangoni, kiatu mguuni.

Jumatano, 2 Oktoba

Kamera ni kesho. Jagi la dawa liko mezani. Inatakiwa liishe kabla ya magharibi.

Mama kanywa kikombe kimoja. Kaweka chini. Mama Mdogo anambembeleza: kunywa dada, njia yote mimi nimeshaipita, haina kona. Mama kasema jibu alilotaka ameshalipata, alitaka tu kujua. Nikasema Mama, wakikuta kitu watakikata. Kanitazama kama ninamuuzia viatu.

"Wakikata, nitaishi mpaka lini? Na wasipokata, mpaka lini?"

Sijui, Mama.

"Huyo Profesa wako si ndiye kazi yake? Alijua nimepita umri. Basi anajua kilichobaki. Muulize. Akisema, nitakunywa au nitamwaga."

Nimempigia mbele yao. Kapokea. Nimeuliza hivyo hivyo, neno kwa neno. Kaanza: wanawake wa umri huo, kwa wastani – Mama akatikisa kichwa. Nikamkatiza. Nikasema Profesa, si wanawake. Huyu.

Kaniomba saa moja. Karne nzima anasoma wazee, kwa mmoja kaomba saa moja. Nimemsikia anavuta kiti.

Mama kalifunika jagi kwa sahani, inzi wasiingie. Anasema yeye hana haraka.